Kijiko cha Mwani

Mwalimu alikuwa na ulimi laini, na mimi watu wa ulimi laini siwapendi. Nimeuza mbuzi na ngamia tangu sijaota ndevu. Sokoni mtu akitaka anasema nataka, asipotaka anasema sitaki, tena kwa sauti, na kesho mnakunywa chai pamoja. Huyu hakujua kusema sitaki. Alikuwa na "tutaona", alikuwa na "inshallah", alikuwa na "nimekusikia, mzee wangu", na kila neno limepakwa samli. Nimemjua zaidi ya miaka kumi. Sijamsikia akisema hapana ila mara moja, na siku hiyo hapana ilikuwa imeshachelewa.

Kwetu mgeni huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, mpaka babu wa saba. Huyu sikumwuliza. Alitoka pwani, na pwani ilisikika kila alipofungua mdomo, hilo lilinitosha. Alifundisha kemia chuoni hapa Garissa na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtaani maalim ni yule anayefundisha watoto Qurani. Yeye tulimwita Mwalimu, ili wasichanganywe. Mimi nimesoma darasa la pili, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe. Nilibeba ngozi mbichi mgongoni mpaka mgongo ukanuka, leo nina mikokoteni ya maji na zizi la mbuzi, na wenye digrii wananiamkia. Kwa hiyo anayesoma haya asitafute maneno mazuri. Atafute kama nasema kweli.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kemia. Kazi yake ya moyo ilikuwa mwani. Si ule mwani ambao watu wa pwani wanaufunga kwenye kamba na kuuza nje. Huu ni wa kijani, mwembamba kama manda ya sambusa, unaota wenyewe juu ya mawe na wavuvi wanaukanyaga bila kuutazama. Ndugu zake walimkaushia, wakautia magunia, ukaja kwa barabara ya Ijara. Hapa aliuosha, akausaga, akauchemsha, akauchuja kwa kitambaa, na mwisho wa yote alitoa ute, kama ute wa bamia. Ute huo una jina refu la vitabuni. Alinifundisha mara tano, mara tano nikalitema. Mimi nauita ute.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ubaya ulipoanza. Habari za ute ule hakuzificha. Alimwambia kinyozi, alimwambia muuza miraa, alimwambia fundi wa tuk-tuk aliyelala chini ya gari. Ukiwekwa juu ya kidonda, alisema, unashika unyevu, kidonda hakikauki kikapasuka. Vijidudu vingi havipendi kukaa nao. Ngozi mpya inapata mahali pa kutambaa. Na nchi za mbali kuna watu wanaupima kwa damu yenye mafuta, hata kwa uvimbe mbaya. Halafu, ukishaanza kusogeza kiti karibu, anamalizia: "Lakini bado." Neno bado lilikuwa mdomoni mwake zaidi kuliko bismillahi. Mimi nasema mtu asimwonyeshe mwenye kiu maji kisha amwambie hayajapimwa. Kama hujapima, funika birika lako na unyamaze.

Nyumba yake ilinuka. Jirani wa ubavuni, mama mmoja mkali, alimwuliza ukutani, "Mwalimu, huyu samaki wako ataisha kuoza lini?" Akajibu kwa adabu yake yote kwamba si samaki, ni mwani, na akampelekea sahani ya halua. Akala halua, na harufu ikabaki.

Halafu ikaingia harufu ya chupa. Mzee wa mtaa alikwenda kunusa, na mimi nikamfuata, maana jambo kama hilo huwezi kusimuliwa.

"Mwalimu, hapa panatengenezwa nini?"

"Hapatengenezwi pombe, mzee. Hii ni spiriti. Naimimina kwenye maji ya mwani, ute unajikusanya, halafu spiriti yenyewe inaruka hewani."

"Inaruka inakwenda wapi?"

"Hewani tu."

"Basi wewe unatoa dawa, na sisi majirani ndio tunakunywa."

Watu walicheka hadi barabarani. Yeye hakucheka wala hakununa. Kesho yake alihamishia kazi ile chuoni, akaja mlango kwa mlango kuomba radhi, pamoja na mlango wangu, ambao sikuufungua wote.

Hasira hakuwa nayo. Siku moja gari lililobeba magunia yake liliharibika Kotile, magunia yakashushwa, na mbuzi wa watu wakapasua moja wakala. Dereva alinihadithia mwenyewe. Alimpigia Mwalimu simu. "Mwalimu, mbuzi imekula ile majani yako."

"Wanaharisha?"

"Nani, sisi?"

"Mbuzi."

Akamwomba akae pale mpaka alasiri, aangalie nyuma za mbuzi wa watu. Dereva akakaa, akidhani ana kichaa upande wa pili wa simu. Mbuzi hawakuharisha. Mwalimu aliandika hilo kwenye daftari lake kama mtu aliyepata mtoto. Mimi mtu asiye na hasira simwamini. Hasira inakuonyesha mtu anasimama wapi.

Ukarimu alikuwa nao, siwezi kumsingizia. Mwanafunzi aliyekosa pa kulala alilala kitandani kwake, yeye akalala mkekani. Shati lake ukilisifu, jioni liko nyumbani kwako limepigwa pasi. Alifuturisha mtaa mzima kwa maharagwe ya nazi ambayo sisi hatuyapendi, na tukayala kwa kumstahi. Ndiyo maana nasema: mtu anayetoa kila kitu, siku akikunyima kitu kimoja, kile kimoja kinauma kuliko vyote vya bahili.

Nije kwa punda.

Nilikuwa na punda jike wa kijivu, mwenye kidonda begani, pale ubao wa mkokoteni unaposugua. Nilimchoma kwa chuma cha moto kama baba zetu walivyochoma. Hakupona. Mwalimu akaja na daktari wa mifugo na karatasi ya kuomba ruhusa. Nikatia sahihi, maana sahihi najua. Akauliza kama nina mwingine mwenye kidonda kama kile. Nilikuwa naye, dume.

Jike alimpaka ute na kumfunga kitambaa. Dume alimwosha tu na kumfunga kitambaa kitupu. Alipiga magoti kwenye samadi, mwalimu wa chuo, suruali imepigwa pasi, siku baada ya siku.

"Huyu mwingine amekukosea nini?" nilimwuliza.

"Hajakosea, mzee wangu. Yeye ndiye atakayetuambia kama kinachoponya ni mwani, au ni maji safi na mapumziko."

"Na mimi nikikuambia ni mwani?"

"Wewe nitakuamini. Wengine hawatakuamini."

Jike alifunga kidonda kwanza. Nyama ilipanda nyekundu, safi, kisha ngozi, kisha vinyweleo. Dume naye alipona, lakini alichukua siku nyingi zaidi. Niliona kwa macho yangu haya. Nikamwambia Mwalimu, haya, umefaulu, toa dawa watu wapone. Akasema maneno aliyoyapenda: "Mara moja ni habari, mzee. Mara mia ndiyo elimu."

Nikamjibu kwamba baba yangu alichimba kisima mara moja, na ukoo mzima ulikunywa mpaka tukahama. Hakuchimba mia. Akatabasamu. Lile tabasamu ningelivunja siku ile kama ningejua mbele kuna nini.

Mke wangu, Mama Hodan, ana ugonjwa wa sukari. Mtu wa sukari mguu wake unakufa ganzi. Mwiba unaingia, hajui. Uliingia kupitia ndala, akatembea nao siku ngapi sijui. Tulipouona, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Daktari wa hospitali, kijana mpole, alisema vidole viwili vikatwe wiki ile ile, kabla ubaya haujapanda. Nikamwambia mke wangu hakatwi kama kuni. Nikamchukua nikamrudisha nyumbani, nikamketisha, mguu juu ya debe lenye mto, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu.

"Nataka kijiko kimoja," nilimwambia.

"Cha nini, mzee wangu?"

"Cha ule ute. Mguu wa Mama Hodan."

Aliweka chini beseni alilokuwa nalo. Akaniuliza mguu ukoje, nikamwambia. Akaniuliza daktari kasemaje, nikamwambia hilo pia.

"Mzee, ule ni wa punda."

"Punda wangu na mke wangu wanakunywa maji ya Tana moja."

Akaanza kueleza. Mwani unafyonza kila kilichomo majini, hata madini ya sumu, na yeye hajausafisha kwa kiwango cha mwanadamu. Kidonda cha sukari kina mzizi; ukikifunika juu, chini kinaoza. Haijawahi kujaribiwa kwa mtu hapa. Msikilize daktari. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wanafunzi. Sisi malishoni tumejidunga dawa za ng'ombe, tukapona, tukasahau. Nikamwambia sikuuliza somo, nimeuliza kijiko. Na mtu huyu, badala ya kuniambia hapana, akatazama chini akasema, "Nimekusikia, mzee wangu. Tutaona, inshallah."

Kwetu jambo zito halipelekwi na mwenye shida. Linapelekwa na wazee, watatu au watano, waliovaa vizuri. Tunaita ergo. Kwa ergo watu wamemaliza vita na wamepata wake. Ukitaka kuikataa, unaikataa mlangoni, huwapi hata maji, na wote wanajua. Lakini ukiwaketisha, ukawapa chai, ukawaambia inshallah, basi mlango uko wazi: wazee wanarudi nyumbani, wanasubiri siku tatu, wanakwenda tena. Kuharakisha ni matusi.

Nilingoja siku tatu, kisha nikatuma ergo. Mwalimu akawaketisha. Akawapa chai ya tangawizi, akawapa tende. Wakarudi wanafuta ndevu. "Amelainika," mkubwa wao aliniambia. "Amesema tutaona."

Tukasubiri siku tatu. Mama Hodan aliniuliza, "Wazee wamesemaje?" Nikamwambia, "Subiri." Vidole vyeusi vilikuwa vimefika vitatu.

Wakaenda tena. Chai tena, tende tena. Amewaambia anaandika barua kwa wakubwa wa chuo kuomba ruhusa ya mgonjwa mmoja. "Barua ni jambo kubwa," mzee yule alisema. "Mtu haandiki barua kwa jambo asilolitaka." Siku tatu nyingine. Homa iliingia. Harufu ndani ya chumba niliijua, nimeishi na ngozi mbichi, lakini niliiambia pua yangu inyamaze.

Mara ya tatu hawakupewa chai. Aliwapokea amesimama, uso umemwiva. Wakubwa wamekataa, na yeye pia anakataa, mpelekeni hospitali leo hii, gari nimeshaita. Ndiyo hapana yake, ile moja. Siku ya tisa.

Wakakata chini ya goti.

Siku ile walihitaji damu. Mimi yangu haikufaa, ya mwanangu mkubwa iko Nairobi pamoja naye. Nikatoka nje kupiga simu kwa ndugu, na nilipita mlango ulio wazi nikamwona Mwalimu amelala kitandani, mkono umenyooshwa, mpira umejaa wekundu. Hakuniona. Sikumsalimu. Kijiko hakutoa, damu akatoa. Damu yake imo ndani ya mke wangu, inazunguka, na mimi nasema bado simpendi. Mtu asinilazimishe.

Baada ya hapo miaka ilipita na hatukusemeshana zaidi ya salamu, maana salamu ni ya Mungu. Nilimwona akizeeka. Alianza kuvaa miwani mbili, moja machoni nyingine kipajini. Alipokea magunia na kuchemsha na kusaga kama zamani, na wanafunzi wake wakaenda nchi za watu na mwani wake ndani ya mabegi. Pale kwenye chai watu walimsifu mbele yangu, kisha wakageuza mazungumzo, wakikumbuka mguu. Mimi niliendelea kusema nilichokuwa nasema: kwamba mtu yule aliniua kwa adabu. Kama angesema hapana siku ya kwanza, ningelia, ningetukana, na ningempeleka mke wangu akakatwe vidole viwili. Siku tisa zile ni zake. Nimelisema hilo sokoni, nimelisema msikitini nje, nimelisema mpaka Griftu nilipokwenda kununua ngamia, kwa watu wasiomjua.

Mwaka huu alistaafu. Habari ilipofika kwamba anahama kurudi pwani, Mama Hodan alisema anataka kumuaga.

"Nenda na binti yako," nilimwambia.

"Nataka kwenda na wewe."

Tukaenda asubuhi kwa tuk-tuk, yeye na magongo yake. Nyumba ilikuwa tupu, magunia mawili na masanduku ya vitabu mlangoni. Mwalimu alitoka mbio kumshika, akamtafutia kiti pekee kilichobaki, na sisi wawili tukabaki tumesimama kama watu waliokuja kudai deni. Akamwuliza hali, akamwuliza mguu uliobaki, akamwambia akague unyayo kila jioni kwa kioo. Ulimi ule ule.

Sikuweza kuvumilia. "Nikuulize jambo moja uende nalo," nilisema. "Kwa nini hukusema hapana siku ya kwanza?"

Alivua miwani ya kipajini, akaishika.

"Kwa sababu ingekuwa uongo," alisema. "Nilitaka kumpa. Chupa ilikuwa mezani siku zote zile. Usiku naifungua, asubuhi naifunga. Nilikuwa najua haifai na nilikuwa natamani ifae. Nilipowaona wazee, nikasema labda wakubwa wataniamulia. Sikuwa na adabu, mzee. Nilikuwa na woga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo ya madini na vijidudu. Kwa hilo sikujiandaa. Lakini nilikuwa na furaha, sitaficha, maana alikuwa amekiri mbele ya shahidi. Nikamgeukia Mama Hodan. "Umemsikia?"

"Nimesikia," alisema. Mama Hodan hana Kiswahili kirefu, lakini alichonacho kinatosha. "Siku ile daktari aliposema vidole viwili, mimi nilikuwa nimeshavua kiatu. Kile cha mguu mzima pia. Niliona nitakaa pale. Nilikuwa tayari."

"Hukusema," nilimwambia.

"Nani aliniuliza? Daktari alizungumza na wewe. Wewe ulizungumza na Mwalimu. Wazee wakazungumza na Mwalimu. Mwalimu akaandika barua. Siku tisa wanaume wanakunywa chai juu ya mguu wangu, na mguu uko chumbani na mimi. Hakuna aliyekuja kuniuliza, wewe Mama Hodan, unataka kukatwa ama unataka majani?"

Mwalimu alisema, "Nisamehe, mama."

"Wewe nilikusamehe zamani. Ulitoa damu." Akachukua magongo yake. "Huyu ndiye hajaniuliza mpaka leo. Anasimulia soko zima habari ya mguu, anasimulia Griftu. Mguu ni wangu."

Mimi nina neno kwa kila mtu. Madalali wa miaka arobaini nimewanyamazisha. Pale niliinama kukaza kamba ya gunia lililofungwa tayari, na nilichukia kwamba Mwalimu yupo pale anaona.

"Haya, nishikeni," alisema Mama Hodan. "Nataka kutoka."

Mwalimu alishika mkono mmoja, mimi mwingine, tukampandisha kwenye tuk-tuk. Mkono wa Mwalimu na wangu iligusana mgongoni kwa mke wangu, na kila mmoja alivuta wake. Alisema kwaheri, akasema tuonane tena, inshallah. Nikajibu salamu tu. Simpendi, na sitaanza leo kwa kuwa anaondoka. Ila toka asubuhi ile, nikianza kuzihesabu siku tisa nimpe zote, nyingine zinakataa kwenda kwake.

Dereva aliwasha, akageuza shingo. "Mzee, twende wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, nikamtazama mke wangu, na dereva akalazimika kusubiri.